Chumvi Iko Kulia

Miaka thelathini na miwili niliendesha treni,
Mbeya hadi Mlimba, Mlimba hadi Mbeya,
nikilijua kila daraja kwa mlio wake,
na sikujua chumvi ya nyumba yangu inakaa wapi.

"Kulia," anasema Subilaga kutoka kwenye kigoda,
"nyuma ya kopo la majani ya chai. Lile lenye kutu."
Hajaliona kopo hilo tangu mwezi wa tatu,
tangu presha ya macho ilipomaliza kazi yake
na daktari wa Rufaa akavua miwani,
akaifuta, akaivaa, akaivua tena
kabla ya kutuambia.

Basi Julai hii, baridi ikishuka kutoka Loleza
kama mdai asiyebisha hodi,
mimi, Ambokile, mwenye miaka sabini na mmoja,
nimejifunga khanga yake juu ya koti la reli,
ninajifunza kusonga ugali.

Wa kwanza ulikuwa na madonge kama kokoto za relini.
Wa pili tulimpa mbwa. Mbwa akatutazama.
Mama Gwantwa wa nyumba ya pili akaingia mbio,
akataka kuninyang'anya mwiko, eti ni aibu.
"Mwache," Subilaga akasema,
"ameshapita Chimala huyo, atafika tu Makambako."
Wakacheka mpaka moshi ukawapalia.

Usiku sikucheka.
Nilimwuliza Mungu maswali ya mtu wa reli:
Umebadilije njia bila kumtaarifu dereva?
Stesheni gani hiyo, isiyo na jina wala taa?
Na kama ilikuwa lazima macho ya mtu yaondoke,
mbona hukuchukua haya yangu,
yaliyokwisha kuona milima yote?
Hakujibu.
Au alijibu, na mimi nilikuwa namtazamia kwa macho.

Jina lake, kwa lugha ya mama zetu, ni agizo:
endelea kutumaini.
Miaka arobaini na sita nimeliita jina hilo
nikitaka chai.

"Usiutazame ugali," ananiambia, "usikilize.
Ukiwa mbichi unalalamika. Ukiiva unanong'ona."
Ninainama juu ya sufuria kama mjinga, sikio kwenye mvuke,
na ghafla niko ndani ya mahandaki, usiku ule
taa ya mbele ilipozimika, nyuma yangu mabehewa ya shaba,
mbele yangu giza tupu,
na nilichokuwa nacho ni mlio wa chuma chini ya chuma.
Nilienda polepole. Lakini nilienda.
Walioitandika reli ile
hawakuitandika kwa ajili ya mchana peke yake.

Pasaka, kabla ya alfajiri, nilimwongoza makaburini
pamoja na Wamoravian wenzetu wa Iyunga.
Jiwe, nikasema. Shimo. Mzizi.
Tarumbeta zikalia juu ya wafu wetu,
vijana wakipuliza huku midomo inatetemeka kwa baridi.
"Jua limetoka," akasema.
Nikatazama: ukungu mtupu, hata msalaba wa baba yangu
siuoni, nao uko hatua kumi.
"Bado," nikamwambia.
"Limetoka. Nimelisikia usoni."
Nikanyamaza. Nikahesabu pumzi zangu, labda ishirini,
ndipo nami nikaliona.

Sijui kesho inakuja na nini.
Goti langu la kushoto limeanza maneno yake,
Ipyana anataka tuhamie kwake Njombe,
na mimi mpaka leo nachanganya binzari na pilipili manga.
Ila nimeacha kuuliza ratiba.
Nasimama jikoni, naomba hatua moja,
na sauti inatoka kwenye kigoda, au nyuma ya kigoda,
siwezi tena kuzitofautisha:
bado, ongeza moto kidogo, sasa.

Ninamnawisha. Ninamwekea tonge mkononi.
Anatafuna taratibu, kama hakimu.
"Maharage yamezidi chumvi," anasema,
na anaunyoosha mkono tena.