Mkono wa Dirishani

Baba ana mikono miwili isiyolingana umri.
Wa kushoto una miaka sitini na minane, kama mwenyewe.
Wa kulia, uliokaa dirishani mwa lori
kutoka Barcaldine hadi Winton, kutoka Winton hadi Boulia,
miaka thelathini na mmoja, kioo kikiwa chini,
ulimtangulia uzeeni:
ngozi imekunjamana kama mfuko wa mkate uliofinywa,
madoa juu ya madoa, rangi ya chai iliyolala.

“Jua halijawahi kunidai,” alizoea kusema,
shati kalitupa nyuma ya kiti kabla ya saa nne.
Kumbe lilikuwa linaandika.
Mwenye duka hapigi kelele anapokopesha.

Jumapili, vyombo vikishaoshwa,
nilimkalisha jikoni, mgongo umenielekea,
nikashika kalamu ya wino wa buluu
na kuhesabu.
Niliyafahamu yote: lile lenye nywele mbili,
lile alilorithi kwa nyanya yake wa Cork,
lile dogo ambalo huonekana akicheka tu.
Halafu, nyuma ya sikio, pale kofia isipofika,
nikamkuta mgeni.
Mweusi. Kingo zimetafunika.
Upande mmoja haukumjua mwenzake.
“Kupe huyo,” baba alisema. “Mng'oe.”

Kupe angekuwa ameshiba, akaanguka.

Daktari Wijeratne alikata duara pana
kuliko tulivyojiandaa kuliona.
Wiki mbili tulingoja majibu
na baba akarekebisha kila mlango wa nyumba,
hata ile isiyolia.
“Tumeliwahi,” daktari alisema.
Neno hilo moja nililipakata kama yai
kilomita mia moja na saba.

Sasa, baba yangu hajui kufanya jambo nusu.
Alishona mapazia mwenyewe, kwa sindano ya turubai.
Barua akazifuata usiku.
Kuku walimsahau.
Ukifungua mlango mchana, aliruka
kana kwamba umeingiza nyoka.

Ilipofika Julai, nyonga zikaanza kumlalamikia.
Ngazi tatu za nyuma alizipanda kama mlima.
Hakununa, hakucheka; alikaa tu,
redio ikisoma bei ya ng'ombe,
naye hakubishana nayo.
Hilo ndilo lililonitisha.

Walichukua damu.
Daktari aliisoma karatasi, akaisoma tena.
Vitamini D, alisema, imebaki ya kulamba kijiko.
“Yaani,” baba akasema polepole,
“lilikuwa linaniua,
na sasa nakufa kwa kulikosa?”
Daktari hakucheka. Nadhani alitaka.
Aliandika vidonge, kimoja kila siku,
na chini yake, kwa mkono ule ule wa dawa:
*Dakika kumi. Saa tatu na nusu asubuhi. Kofia.*

Nilikuwepo siku ya kwanza.
Alitoka na saa ya kuchemshia mayai,
ile ya mama, yenye umbo la kuku,
akaiweka kwenye ngazi kama shahidi.
Mkono wa kulia akaufunika kwa taulo.
“Wewe umeshakula ya wote,” aliuambia.
Kisha akaukunjua wa kushoto, mweupe, wenye aibu,
ukalala gotini, kiganja juu,
kama mtu anayepokea chenji.
Mbwa alijitupa miguuni pake.
Sikumsikia akisema kitu.
Jua lilitembea taratibu juu ya mishipa ya buluu
na uso wake ukalegea,
kwanza paji, halafu mdomo.

Kuku alilia. Baba aliinuka papo hapo,
mtiifu kama mwanafunzi.
Mbwa hakuandikiwa dakika. Alibaki.

Niliondoka saa tano, nikielekea magharibi,
ambako huku jua hukaa upande wa kaskazini,
upande wa dereva, safari nzima.
Lilikuja likaniegemea mkono wa kulia,
vuguvugu, kama mtu wa nyumbani.
Nilipandisha kioo. Nikashusha mkono wa shati.
Hata hivyo nililisikia, hapo kifundoni, penye upenyo,
likitafuta kalamu.