Vumbi Halina Kivuli

Kasha la kumi na saba, ghala la chini, Rosario.
Vioo sitini na viwili, kila kimoja kimefungwa
kwa gazeti la siku yake; bei za ngano bado zasomeka.
Nakishika kwa kingo, kama mtu apitaye na supu ya moto
katikati ya wageni.

Machi, thelathini na sita. Manispaa ilikodi ndege
ya mabawa mawili, ikamfunga Delfor Ambrosini mkanda kiunoni,
ikamwambia: tuletee mji.
Akauleta.
Ila kwenye kioo mji umegeuka kinyume:
mabati meusi, mto mweusi, na vivuli vyote vyeupe,
kana kwamba jua lilikuwa likimwaga usiku.

Nakiweka juu ya taa.
Stesheni, na mabehewa kama punje zilizopangwa na mtoto.
Maghala ya nafaka, yameupa mgongo mji, yanautazama Paraná.
Gereza na hospitali: ukiwa juu huwezi kuvitofautisha,
vyote viwili vina ua katikati
na watu wanaouzunguka.
Machinjio yasiyonuka. Soko lisilo na kelele.
Huu ndio mji walioutaka pale ofisini:
bapa, kimya, wa kutosha mezani.

Maana picha hizi hazikupigwa kwa mapenzi.
Kioo cha arobaini na moja kina mstari wa wino mwekundu,
umenyooka kama neno la bwana mkubwa,
umepita juu ya mapaa mia na kitu.
Hapo leo pana barabara ya njia sita.
Naipita kila asubuhi kuja kazini
nami sijawahi kuchelewa.

Doña Irma Scattolini huja Jumatano
na lenzi ya fundi saa, iliyokuwa ya mumewe.
Anatafuta mlimau.
"Ua wa pili kutoka kona," asema, "na pipa la mvua."
Kona tumeipata. Ua wa kwanza tumeupata,
nguo zingali kambani.
Wa pili umefunikwa na ncha ya bawa.
Nikakosa la kusema. Yeye akacheka hadi akatoa leso:
"Miaka yote hii naulizia nyumba,
kumbe imejificha kwapani mwa ndege!"

Basi tukahamia tangi la maji, kwa kuwa lilikuwa jirani
na kwa kuwa kahawa ilikuwa haijachemka.
Juu ya tangi pana nukta nyeusi. Kadi ya orodha,
kwa mwandiko wa mtu aliyestaafu kabla sijazaliwa, yasema:
*dosari, chembe ya vumbi.*
Nimeipangusa mara ngapi. Haitoki.
Doña Irma akainamisha lenzi, akanyamaza,
akanyamaza tena.
"Ina kivuli," akasema.

Kweli. Cheupe, chembamba, kimelalia magharibi
sawa na vivuli vya mabomba ya moshi, saa tatu asubuhi.
Vumbi halina kivuli.
Ni mtu. Weusi wa kioo ndio weupe wa shati.
Kando yake kitone kingine, labda ndoo ya rangi.
Na uso, kama chembe ya chumvi ina uso,
ameuelekeza juu.

Aliye juu mngoje chini, husemwa.
Nami niko chini, chini hasa, chini ya barabara,
nimemngoja bila kujua namngoja nani.
Ambrosini alitumwa mji, hakutumwa watu;
huyu alijipenyeza. Alisikia injini,
akaweka brashi chini, akatazama.

"Tumpe jina?"
"Usimpe," akasema Doña Irma. "Utampa la uongo,
halafu atalizoea."

Nikatoa penseli. Nikakata *vumbi*.
Nikaandika: *mtu mmoja, yuko kazini.*
Kisha nikafikiri. Kwa ile sekunde moja
hakuwa kazini.
Nikafuta neno la mwisho, nikapuliza vifutio,
nikaacha:
*mtu mmoja, yuko.*