Mbwa Aliyepita Ukutani

Sasisho lina gigabaiti arobaini na moja,
na intaneti ya Halszka, ghorofa ya nne,
inavuta kama mtu anywaye uji kwa mrija.
Nje, Łódź imelala chini ya theluji yenye masizi.
Ndani tumo watano, sufuria ya supu ya bitiruti,
na maneno.

Bogumił ndiye wa kwanza kuwasha moto.
Zamani, anasema, ulinunua diski,
ukaichana nailoni kwa meno,
ukaitumbukiza, ikacheza. Basi.
Leo wanakuuzia unga
na kukuahidi mkate kwa awamu.

Na kofia! Wit anadakia. Msisahau kofia!
Zloti thelathini,
na nikiivaa shingo yangu inapotea.
Mvumilivu hula mbivu, walituandikia.
Nimevumilia misimu mitatu,
nimekula mbichi, nimelipia na maganda.
Kinachofanya kazi humo ni mbwa tu,
na mbwa mwenyewe ni kosa.

Kweli. Yule mbwa wa kahawia wa darajani
huingia ukuta wa duka la mikate
akatokea upande wa pili, mkia juu,
kana kwamba mawe ni ukungu.
Wit ana fulana yake. Mimi nina mbili.

Asilimia ishirini na sita.

Tunahesabu studio kama watu warudio mazikoni:
ile ya mchezo wa treni, imenunuliwa;
ile ya Brno, imenunuliwa na aliyeinunua ya kwanza;
ile ya ndugu wawili kule Malmö, imefungwa,
wakaacha barua fupi na picha ya paka.
Wakubwa huwameza wadogo, nasema,
kisha tumbo likiwauma
hutapika watu.
Naipenda sentensi yangu. Nairudia.

Jagna hajasema kitu.
Anachovya mkate, anautoa, anautazama.

Tunafika kwa Korongo Watatu, studio yetu.
Yetu kwa kuwa imo katika kiwanda cha zamani cha pamba,
vituo viwili vya tramu kutoka hapa,
na tunaisema kama ndugu asemwavyo:
mgeni akithubutu, tunamgeukia.
Wavivu, anasema Bogumił.
Miaka miwili mlango wa kinu unafungukia hewani,
unapiga hatua, unakufa.
Mtu mmoja tu mwenye macho mawili angeuona.

“Niliuona,” anasema Jagna.

Asilimia sabini.

“Niliuona Machi. Nikaandika. Aprili nikaandika tena.
Kazi yangu ilikuwa kusukuma kuta kwa bega,
saa tisa kwa siku, nikitafuta palipolegea.
Mlango wenu ulikuwa namba elfu nne mia mbili na kumi na moja.
Walioamua walisema, kofia kwanza.”

Halszka, mwalimu wa sarufi, ndiye aliyelishika neno.
“Ilikuwa?”
“Mpaka Jumanne.”

Bogumił anaokota kijiko ambacho hakikuanguka.
Supu inachemka peke yake.
Ile sentensi yangu ya kutapika watu
imekaa mezani, hakuna anayeitaka,
nami siwezi kuimeza tena.

Mia.

Wit anasoma orodha ya marekebisho, upesi,
ili pawe na sauti yoyote.
Mstari wa mwisho: mbwa wa darajani hapiti tena ukutani.
“Mshenzi gani kafanya hivi?”
Jagna anainua mkono kama mtoto darasani.
“Ndilo pekee waliloniachia nilimalize.
Dakika ishirini. Sikujua mlikuwa mnampenda.”

Tunaingia. Mvua ya mchezo inanyesha darajani.
Mbwa anakuja, mkia juu, anafika ukutani,
anasimama.
Ananusa jiwe.
Kisha anakaa kitako, anatutazama.

Jagna amesogea mpaka pumzi yake iko kwenye kioo.
“Kukaa sikumwandikia,” anasema.
“Hana hata picha za kukaa. Hilo limetoka wapi?”

“Ni kosa,” anasema Bogumił, kwa upole ambao
sijapata kuusikia kwake. “Liandike.”

“Nimwandikie nani?”