Mlango Usio na Kitasa

Idrija, Novemba. Theluji imeziba nusu ya dirisha.
Nimekuja kwa basi kutoka Ljubljana, kompyuta begani,
kichwani ujuzi wa mtu asiyezoea kuulizwa maswali.
Shangazi Ludvika ana michoro ya lesi elfu moja na mia mbili,
mingine ya mama yake, karatasi zimegeuka rangi ya chai.
Ameipiga picha mmoja mmoja, kipupwe kizima,
na yote imo ndani ya kompyuta yenye ufa ubavuni.

"Nakala ya akiba ni mstari mmoja tu," nikamwambia.
Nikafungua dirisha jeusi. Kishale kikakonyeza.
Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.
"Nibonyeze wapi?"
Hubonyezi, shangazi. Unaandika.
"Naandika nini?"
Nikamwandikia amri: vistari, mikwaju, herufi moja ndogo
ambayo ukiikosea, programu hununa kama mkwe.
"Mlango huu," akasema, "hauna kitasa."

Nikamwonyesha mto wake wa kazi,
vijiti arobaini vinavyoning'inia nyuzi:
pishanisha, zungusha, pishanisha, tia pini.
Hizi nazo si amri? Nani alikupa kitufe?
Akacheka hata kijiti kikamponyoka.
"Nilikuwa na miaka sita, na mama yuko ubavuni
akinipiga kidole kila nikikosea.
Wewe basi lako linaondoka saa ngapi?"

Saa kumi na robo.

Nikamtafutia programu yenye sura.
Kitufe cha buluu, kipana kama biskuti,
neno moja juu yake kwa lugha yake.
Akabonyeza. Mstari wa kijani ukatambaa, ukafika,
alama ya vema ikachomoza.
Tukanywa kahawa. Nilishindwa kwa adabu.

Januari akapiga simu.
Diski ya nje ilikuwa droo ya vijiko tangu Krismasi,
alipoichomoa apate pa kuchomeka taa za mti,
na kitufe, siku zote hizo, vema, vema, vema,
kikihifadhi kompyuta ndani ya kompyuta ileile.
"Kitasa chako kinafungua ukuta."
Dirisha jeusi lingelalamika, nikajitetea.
"Lingemlalamikia nani?"

Nikarudi. Safari hii hatukubishana habari ya sura.
Aliuchagua mchoro mmoja, wa mama yake,
ule wa ukingo wa kitambaa cha altare,
akaufuta mwenyewe, mkono haukutikisika.
"Haya. Nirudishie."

Dakika kumi na moja. Jasho, na nje theluji.
Uliporudi aliuchapa, akaubana kwa pini mtoni,
akaanza kazi bila kunitazama.

Sasa kila Jumapili akitoka kanisani
hufuta mmoja, huurudisha, kisha hupika supu.
Mimi nina nakala tatu, zote za mstari mmoja mmoja.
Sijawahi kurudisha hata faili moja.