Mguso wa Nusu

Hapa Ngomeni chumvi huripoti kazini kabla yetu.
Ukifunga mlango, hupita chini ya mlango.
Kufuli la stoo limekula funguo tatu tangu Januari.

Sahani yetu si sahani.
Ni mwavuli wa mita tano, mbavu ishirini na nne,
na wavu wa nyuzi nyembamba kuliko unywele wa mtoto,
umefumwa, ukapakwa dhahabu,
ukakunjwa ukaenea kwenye kitu mfano wa pipa la maji.
Huko juu hakuna fundi. Utakunjuka wenyewe.

Tuliukunjua karakanani, tukatuma sauti mbili.
Kipokezi kikasikia tatu.

Hiyo ya tatu hatukuituma.
Saro alilaumu nyaya; tukabadilisha nyaya.
Tukazima feni, tukatoka jasho.
Tukamnyang'anya mlinzi simu yake.
Ya tatu ikabaki, imekaa kitako
palepale tulipotaka kusikiliza.

Nikakumbuka Gongoni, redio ya baba.
Bati la jiko likitikisika
taarifa ya habari iliingiliwa na mahubiri,
waziri akifungua barabara katikati ya zaburi.
Mama alisema ni majini.
Baba alipanda na nyundo,
akapiga msumari mmoja wenye kutu.
Waziri akarudi peke yake.

Basi nikamwendea Bi Zulekha, Shela ya Malindi,
afumaye vitambaa vya meza,
nikamvisha glavu nyeupe, nikamlaza chini ya wavu.
Saro alicheka. Alicheka dakika mbili hivi.
Bi Zulekha alivuta kwa vidole viwili, akasogea, akavuta tena.
"Hapa. Na hapa. Na huku kwenye ubavu.
Nyuzi zenu zinagusana kama ndugu waliogombana
wanaopeana mikono msibani."

Ndiyo hiyo.
Sauti mbili zenye nguvu zikipita penye mguso wa nusu
huzaa, na mwana hafanani na yeyote.
Dhahabu haisaidii ikiwa imeegemea tu.

Ama zishikane kwelikweli, ama zisijuane.
Wiki sita tulifanya hayo mawili:
tukakaza wavu mpaka ukalia ukiuguswa kwa ukucha,
lakini si zaidi, maana ukizidi mbavu hupinda;
tukang'oa ribiti, tukaunga kwa moto;
na pasipoungika tukaweka utando katikati,
kama pazia baina ya wageni.
Nilihesabu viungo hadi usingizini.

Ya tatu ikashuka. Desibeli thelathini, kisha nane zaidi.
Haikufa. Saro aliandika "imekwisha" kwenye ripoti,
nikafuta, nikaandika "iko chini ya kelele."

Jioni nilikaa kwenye ngazi, mikono inanuka gundi.
Nina dada mjini, jina lake Dhahabu.
Miaka miwili tunatumiana "mambo" na "poa,"
na kila "poa" huzaa neno la tatu
ambalo hakuna aliyelisema,
nalo ndilo linalofika kwa shangazi zetu.

Nikapiga.
Ililia mara nne.
"Kuna nini?" akauliza, na hofu sautini.
Nikasema, "Niko Ngomeni. Nakuja kesho.
Tuzungumze ile habari ya shamba, yote,
au tuiache, lakini tuiache kweli."

Akanyamaza.
Nikasikia sufuria yake ikichemka,
sauti moja, safi.