Mkono Nisiouona

Nina chaneli tatu, na zote tatu hazinijui.

Ya kwanza ni ya kijana anayeosha mazulia machafu:
tope linatoka, maua yanarudi moja moja.
Hiyo naitazama nikiwa nimegombana na mwenye nyumba.
Ya pili ni ya mwanamke anayechanganya rangi kwa kisu,
hachori kitu, hapaki ukuta, anachanganya tu,
na kwake nilijifunza kwamba nyeusi
ina kijani ndani, ukiisubiri.
Ya tatu ni ya mzee fundi nguo.
Dirishani kwake kuna theluji. Lugha yake siijui,
lakini afadhali, maana hasemi:
anaguna, anapima, anabana pini mdomoni
kama mimi, upande uleule wa kulia.

Hapa Kadutu umeme huja saa saba za usiku
kama mgeni asiyetaka kuonwa na majirani.
Naamka. Nachomeka simu, napiga pasi,
natia mega za franka mia tano
na kumfungua mzee.

Usiku ule alikuwa amekwisha kukata mkono.
Akakunja kitambaa mara moja, mara mbili,
akalitazama bega la sanamu lake la mbao
kama mtu anayetazama mlango aliofukuzwa,
akainua sindano

na duara likaanza kuzunguka.
Duara. Duara. Sindano hewani.
Mega zimekwisha.

Jumamosi Mama Cibalonza anamwoza binti yake.
Kikwembe chake kipo mezani hakina mikono.
Amelipa nusu, na hiyo nusu nimeshailia sombe.
Akonkwa muuza mega amelala, amefunga na kufuli.
Nikakaa na ile sindano ya nchi ya baridi
imesimama katikati ya chumba changu,
haishuki, haiondoki.

Kukakucha. Nikatoka kumwaga maji.
Miaka kumi na tisa namwaga maji palepale
na sijawahi kutazama bondeni kwa jicho la mkasi:
kilima kinashuka mkunjo kwa mkunjo, bati juu ya bati,
kila kinjia kimejificha chini ya kingine,
halafu kule chini ardhi inachoka kukunjwa,
inajiachia, inatandaza vidole
ndani ya Kivu, kama mtu anayenawa.
Kila siku watu wanasema Bukavu ni mkono majini.
Mimi, mshona mikono, ndiye sikusikia.

Nikarudi ndani. Chaki sikuigusa.
Begani nikakunja mikunjo saba, midogo,
iliyobanana kama nyumba zetu zisizo na ua,
nikaibana kiwikoni, pale Nyawera inapobana watu,
kisha nikauacha mkono ufunguke
vipande vitano hadi vidoleni.

Mama Cibalonza akauvaa, akanyamaza.
Akajaribu kunawa. Akajaribu kupakua.
Akapunga mkono kwa mtu asiyekuwepo.
"Utaingia kwenye mchuzi huu," akasema.
Nikangoja.
"Basi uuache uingie."

Wiki tatu zikapita ndipo nikaimalizia ile video.
Zilikuwa zimebaki dakika nne.
Mzee anashusha sindano, anaushona mkono wote,
anarudi nyuma hatua mbili. Anaguna.
Kisha anachukua wembe na kuufumua,
uzi baada ya uzi, bila haraka,
na video inaishia hapo, mkono mezani,
nje theluji inaendelea na kazi yake.

Nikaurudia mwisho ule hadi simu ikapata joto.
Mezani pangu palikuwa na oda sita,
shangazi, mabinamu, jirani wa bwana harusi,
wote wanataka mkono wa Mama Cibalonza,
uleule, mikunjo saba, usizidi usipungue,
na wa kwanza nilikuwa nimeshaushona.

Nikautazama. Nikaguna.
Nikatafuta wembe.