Fundo

Kila usiku, umeme ukikatika hapa Kadutu,
nachukua upindo wa kitenge changu cha zamani:
ncha moja kwenye kifundo cha mkono wa Ashuza,
ncha ya pili kwenye changu.
Ana miaka kumi na minne, ana nguvu za mbeba mizigo,
na hajui kwamba ziwa lina kina.

Akigeuka, nageuka.
Akicheka ndotoni, mkono wangu unatikisika.
Mchungaji alisema ni msalaba.
Baba yake alisema anakwenda Kamituga kuchimba dhahabu;
mwaka wa tisa huu, bado anachimba.

Jana Nankafu aliingia bila hodi,
ananuka sambaza za sokoni,
akalifungua fundo langu kwa meno,
akajifunga yeye.
“Nenda kwangu ukalale. Usinijibu.”

Nililala kama gogo.
Saa tisa mkono uliamka peke yake,
ukapapasa godoro la wenyewe,
ukavuta.
Hakuna aliyevuta.

Nililia kidogo, sijui kwa nini.
Kisha nikageukia kushoto,
upande ninaoupenda,
ambao nilikuwa nimeusahau.